Fundi wa Jino la Mwavuli

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo sitayaandika. Kwanza siyajui, pili hayanihusu. Mimi nilimjua akiwa tayari mtu mzima mwenye miwani na kikohozi, na pale mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, China, sote tulimwita Fundi. Na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nikiandika jina lake atadhani nimeanza kumpenda.

Wivu nautaja mapema ili tusisumbuane. Nimesikia watu wakimsimulia mtu aliyewapita, wanaanza na sifa, wanaendelea na sifa, na wivu unachungulia chini ya mlango kama paka. Mimi niliishia darasa la nne, tena kwa kuchapwa, maana naandika kwa mkono wa kushoto na mwalimu wetu aliona hiyo ni jeuri. Kuficha kitu ndani ya maneno sikufundishwa. Nilimwonea Fundi wivu kuanzia kucha za mkono hadi namna alivyokunywa chai nusu kikombe na kuiacha, kana kwamba chai nayo ilipaswa kumshukuru kwa ile nusu.

Kabla hajafika, mwenye nyumba ya maneno nilikuwa mimi. Mama Chapati, mwanamke wa Tanga, alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya saba. Kimoja alilala, kingine alitupikia Watanzania tuliokuja kununua mali: wale wa mashati ya soko la Shahe, wale wa simu, na sisi wa jinzi za Xintang. Mimi nilikaa karibu na friji, na viti vyote vilinitazama mimi. Nilisimulia habari za fisi wa kwetu Singida, za mjomba wangu aliyeoa mke mmoja mara tatu, za kontena lililopotea likarudi na mali ya mtu mwingine. Watu walikula ugali ukapoa wakinisikiliza. Mama Chapati alikuwa akisema, "Baba, punguza, watu hawaagizi tena." Hayo yalikuwa maisha.

Akaja Fundi, akaomba kona ya dirishani kwa sababu ya mwanga. Akafunga jiliwa lake dogo kwenye ukingo wa meza, akabana kipande cha ubao, akainama. Siku ya kwanza watu wawili waligeuza viti. Mwisho wa juma nilikuwa navisimulia visogo vyao.

Sasa nieleze alichokuwa akikifanya, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini mtu mzima aliuonea wivu ubao.

Nyumbani Arusha Fundi alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la silaha, duka lenye leseni, lile la wawindaji. Kazi yake haikuwa chuma, ilikuwa mbao: vitako vya bunduki na mipini. Alikuwa akichora kwenye mpini mistari myembamba sana inayokwenda upande mmoja, halafu mingine inayoikata mshazari, na pale ilipokatana ilibaki miinuko midogo yenye ncha, mamia kwa mamia, ili mkono wa mtu ukitoa jasho usiteleze. Ukiigusa ni kama kupapasa ganda la fenesi dogo kuliko yote duniani. Sisi tuliiita fenesi. Yeye aliiita kazi.

Halafu mwanawe akamshawishi kwamba utajiri uko China. Akaacha kiti chake dukani, akaja kununua mashati, na mashati yakamkataa. Akamwandikia tajiri wake wa zamani kuomba kurudi. Tajiri hakusema ndiyo wala hapana. Alimtumia, kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja, vibao viwili vya mpingo, kila kimoja kama soli ya kiatu cha mtoto mchanga. Vilikuwa vya kuvalisha mpini wa bastola ya bwana nyama mmoja mstaafu, wale walinzi wa wanyamapori, bastola yenye kibali chake, imelala kwenye sefu ya duka huko huko Arusha. Vibao vya zamani vilikuwa vimepasuka. Ujumbe ulikuwa mfupi: vikirudi safi, kiti chako kipo, vikirudi vina kasoro, basi mkono umezeeka, ubaki na mashati.

Kwa hiyo Guangzhou hapakuwa na bastola, msianze kunitazama vibaya. Palikuwa na mbao mbili na mtu anayeomba kurudi kwenye kiti chake. Hata neno lenyewe hakulitamka. Alisema "vibao" tu, na mtu mwingine akilitamka alimwangalia juu ya miwani mpaka akalimeza.

Vyombo vyake vya kuchongea aliviacha Arusha, akatengeneza vingine kwa miavuli. Mnacheka, lakini subirini. Guangzhou mvua ikipiga na upepo, kesho yake mapipa ya taka yamejaa miavuli iliyovunjika mbavu. Fundi alipita mapipani asubuhi na kurudi amekumbatia miavuli kama mtu aliyetoka kuvuna mtama. Aliung'oa ubavu mmoja mmoja, akaugonga kwa ukucha karibu na sikio, akatupa. Katika mbavu thelathini alichukua mmoja. Ubavu wa mwavuli mzuri ni mfereji mwembamba wenye kingo mbili. Alizipiga tupa zile kingo hadi zikawa meno mawili yanayokwenda sambamba. Jino la kwanza linapita ndani ya mstari uliokwishakatwa, halikati kitu, linaongoza tu. Jino la pili linakata mstari mpya pembeni. Ukimaliza huo, jino la kwanza linahamia hapo. Ndivyo mistari inavyolingana bila rula.

Hilo likawa neno lake la kila siku. Mtu akija kumlilia kwamba mke kule nyumbani hapokei simu, Fundi anasema, "Jino moja kwenye mstari wa jana." Mtu akiuliza anunue mtindo gani wa suruali, jibu lile lile. Na watu wakaitikia kwa vichwa kama wamesomewa Injili. Mimi nimesema mambo ya maana zaidi ya hilo nikiwa usingizini.

Neno lake la pili lilikuwa la ukingo. Kabla ya kukata alichora kwa penseli umbo la eneo lote, na kila mstari ulipaswa kusimama pale pale kwenye penseli, usivuke hata unywele. "Mstari ufie nyumbani kwake," alisema. Wapo mafundi ambao wakimaliza huzungusha mfereji mpana pembeni kama pindo la kanga, unafunika mistari yote iliyochupa. Yeye alikataa pindo. Alisema pindo ni shuka la mwenye aibu, na tajiri wake akiona pindo tu huuliza limefunika nini.

Nirudi kwenye tabia zake, maana alikuwa na vituko ambavyo vingemwangusha mtu yeyote, lakini yeye vilimpandisha.

Mtu aliyeishi na bunduki miaka thelathini alikuwa hawezi kutazama kuku akichinjwa. Krismasi moja Mama Chapati alileta kuku mzima, Fundi akatoka nje ya mlango akaziba masikio. Nikaona nimempata. Nikamuuliza mbele za watu, mzee mwenzangu, si wewe uliyeshika bunduki za kuulia tembo?

"Nimeshika mipini," akasema. "Mwisho wa pili sikuwahi kuutazama."

Watu walicheka, lakini si kumcheka yeye.

Tena hakujua kununua. Shahe sote tulikuwa tukipiga kelele "tai gui, tai gui," ghali mno, tunaondoka, tunarudi, tunaapa kwa watoto wetu. Yeye akitajiwa bei alilipa ile ile ya kwanza, akasema mwenye mali ameshasema. Nilimhurumia. Kumbe yule mama laoban, mwenye kibanda, kwa kuona haya akaanza kumtajia bei ya mwisho tangu mwanzo, na siku moja tulilinganisha shati kwa shati, langu nililolipigania asubuhi nzima lilikuwa ghali kuliko lake.

Na lililonichoma kuliko yote: alikuwa akisikiliza. Mimi nilidhani akiinama pale hasikii kitu. Siku moja nasimulia fisi wa Singida, nimefika patamu, sauti ikatoka dirishani, taratibu, bila kuinua kichwa: "Juzi walikuwa watatu." Nilikuwa nimesema watano. Viti vyote vikacheka. Mtu gani anahesabu fisi wa mwenzake?

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ukaguzi, mwaka wa michezo mikubwa ya Beijing na ule uliofuata. Askari walipita Dengfeng nyumba kwa nyumba, na kabla hujawaona ulisikia ngazini "huzhao, huzhao," yaani pasi. Viza ya Fundi ilikuwa imekufa majuma mawili nyuma, na mtu aliyeahidi kumsaidia kuihuisha alikuwa hapokei tena simu. Hata hivyo hakutaka kwenda kujisalimisha mpaka vibao vimalizike. Kimoja kilikuwa tayari. Cha pili kilibaki siku mbili. Jumamosi mfanyabiashara yule yule aliyevileta alikuwa anasafiri, na ndiye angevirudisha Arusha.

Jumatano, saa nne asubuhi, tukasikia ngazi. Fundi akatoa miwani, akaifunga kwenye leso. Akanishika bega. Kati ya watu wote alinichagua mimi, kwa kuwa viza yangu ilikuwa hai na kwa kuwa hakujua chochote kuhusu moyo wangu, au ndivyo nilivyodhani.

"Kaa na hiki kibao," akasema. "Mtu asikiguse. Nikikifungua kwenye jiliwa sitakirudisha pale pale."

Akapanda paani, kule wanakoanika mashuka, na wengine wenye viza mbovu nyuma yake. Mama Chapati alikuwa sokoni. Nikabaki peke yangu na friji.

Waliingia wawili. Mkubwa akatazama pasi yangu, akaigeuza, akaitazama tena, akatoka kwenda mlango wa jirani. Mdogo akabaki. Alikuwa ameona kibao. Akaweka mikono nyuma, kama mtu anayeingia nyumba ya ibada ya wengine, akainama mpaka pua ikakaribia. Hakugusa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyotazama uso wangu. Halafu akainua kidole gumba, akasema maneno mawili ninayoyajua, maana wauza nguo huyasema kila siku: "Hao kan." Kinapendeza. Akanyoosha kidole kwangu, kisha kwa kibao. Chako?

Hata askari. Hata mtu aliyetumwa kutufukuza, kwa Fundi alivua kofia moyoni. Mimi miaka tisa nimepeleka jinzi nyumbani kwa makontena, nusu ya Singida inatembea na mimi kiunoni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama kuitazama suruali yangu.

Nikaitikia kwa kichwa. Changu.

Akatabasamu, akaenda zake.

Nanyi mnajua uongo ulivyo, ukishaupa kiti unataka na chai. Nimeshasema ni changu. Basi nikasogea. Nikakaa kwenye kiti chake, kikiwa bado na joto. Jino la mwavuli lilikuwa pale mezani. Nikajiambia nikate mstari mmoja tu, mmoja katika mia, nani ataujua, na kila atakayeshika mpini ule atakuwa anashika na mimi.

Nikalishika kwa mkono wangu wa kushoto. Jino la kwanza nikaliweka kwenye mstari wa jana, kama alivyosema. Nikasukuma. Jamani, mpingo ukikatwa unaimba, sauti nyembamba, hakuna mtu aliyeniambia hilo. Nilikuwa nikiisikiliza ile sauti, nimefurahi kama mwehu, na mkono ukaendelea. Ukapita penseli. Ukaingia kwenye ubao mtupu kiasi cha punje moja ya mchele.

Punje moja. Nilijaribu kuifuta kwa kidole, kama mtoto.

Fundi alirudi na alama ya maji ya shuka mabegani. Akavaa miwani. Akainama. Nilihesabu pumzi zangu, zilifika kumi na nne.

"Nani?"

"Askari," nikasema. "Yule mdogo. Alichukua chombo, sikuweza kumzuia."

"Alikata mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Akaweka ukucha wa gumba juu ya ile punje, ikafichika. Akauondoa, ipo. Akaweka tena. Halafu akaenda kunywa chai, akainywa yote. Ndipo nikajua nimemuua.

Alhamisi nzima hakushika chombo. Mama Chapati alilia, akamlaani askari na kizazi chake, na mimi nikaitikia amina, Mungu anisamehe kwa yule kijana. Watu walimshauri azungushe pindo, amalize, yule mfanyabiashara asafiri navyo. Na mimi, niseme kweli, katikati ya hofu kulikuwa na kitu kitamu kidogo, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Viti vilikuwa vimeanza kunigeukia tena.

Ijumaa alfajiri nikamkuta dirishani. Alikuwa ameshakata. Kila baada ya mistari mitatu alikuwa ameuachia mmoja utoke nje, punje moja, na ncha yake ameichonga mviringo. Pembeni mwa lile ganda la fenesi zilikuwa zimechomoza ndimi, moja moja, kama wanyama wadogo wanaoonja hewa. Alikuwa amezitoa kwenye vibao vyote viwili, hata kile kilichokuwa kizima. Ya kwangu ilikuwa katikati ya nyingine, na hata mimi ilinichukua muda kuitambua.

"Kosa likiwa moja ni kosa," akasema bila kuinua kichwa. "Likiwa na wenzake ni nakshi. Sijui kama tajiri atalikubali. Lakini sikuficha kitu."

Akapiga mswaki mavumbi, akapaka mafuta tone moja. Jumamosi vibao vikapanda ndege. Jumatatu akanyoosha shati, akaenda kujisalimisha. Walimshikilia siku kadhaa, wakampandisha ndege naye. Asubuhi ile ya Jumatatu, kabla hajatoka, alinipa mkono, na mimi nikampa wangu, wa kulia.

Ukapita muda, kama miaka saba. Mimi nami nilirudi, jinzi zikiwa zimeishiwa nguvu, au mimi. Mpwa wangu alioa Arusha, nikaenda harusini, na kesho yake nikaenda kulitafuta lile duka. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Nilikwenda kuona kama alipata kiti.

Alikipata. Alikaa dirishani, miwani imekuwa minene kama chini ya chupa, jiliwa lile lile, na ubavu wa mwavuli mkononi. Aliniona, akasema, "Karibu, mzee wa fisi," akaendelea na kazi. Ukutani kulikuwa na vitako vya bunduki, mipini ya visu, bakora za wazee. Vyote vilikuwa na ndimi.

Nilisimama pale nikizitazama. Kwenye viti vya kusubiria walikuwepo wateja wawili: mama mmoja aliyekuja kuchukua bakora ya baba mkwe wake, na bwana wa makamo mwenye kisu cha kuwindia. Walikuwa wakizungumza. Bwana alisema kwamba mtu akitaka mpini siku hizi anataka ule wa ndimi, kwamba wawindaji wageni wanaupiga picha, kwamba mafundi wengine mjini wamejaribu kuiga, ndimi zao zinatoka kama meno ya mzee. Mama akapapasa bakora. Akamuuliza Fundi aliitoa wapi nakshi hii.

"Guangzhou," Fundi akasema. "Alinionyesha askari mmoja."

Hapo ndipo nilipoumwa kweli. Nilikuwa nimeubeba ule uongo miaka yote hiyo kama jiwe kiatuni, nikidhani siku nikimwona nitaona haya. Haya sikuiona. Nilichokiona ni kwamba ulimi ule ni wangu. Wa kwanza ni mimi niliyeukata. Mimi, niliyesikia mpingo ukiimba. Na ukuta mzima umejaa kitu changu, na sifa anapewa Mchina aliyeweka mikono nyuma. Nilitaka kunyamaza, na mdomo ukapita penseli.

"Askari hakugusa kitu," nikasema. "Ni mimi."

Fundi akasimamisha mkono. Akaondoa jino kwenye ubao kwanza, kwa uangalifu, akaliweka mezani. Ndipo akanitazama.

"Najua," akasema. "Ule mstari ulikatwa na mtu wa mkono wa kushoto. Niliujua kabla sijavaa miwani vizuri."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeomba msamaha, ukaenda zako." Akafuta miwani kwa leso. "Nilikuwa nasubiri uionee wivu hii nakshi vya kutosha, uje uidai mwenyewe."

Kisha akamgeukia yule mama, akanyoosha kidole kwangu, kama yule askari siku ile.

"Huyu ndiye mwenye ulimi wa kwanza. Muulize yeye."

Mama akakisogeza kiti chake. Bwana wa kisu naye akakigeuza chake. Wakanitazama wote wawili, wakisubiri, na nyuma yao nikasikia mpingo ukianza tena kuimba.

"Ilikuwa hivi," nikasema. "Kulikuwa na askari wawili."

Sauti ikatoka dirishani, taratibu, bila kichwa kuinuliwa.

"Anza na kiti chako cha karibu na friji."